Ua la kwenye kopo na panya wa Ontario

Wanangu, sogeeni karibu. Leo sungura na fisi wapumzike. Nina habari za ua ambalo huenda mmelipita asubuhi hii bila hata kuligeukia.

Mama anayependa mlango wake upendeze, awe hapa kwetu Ituri, Iga Barrière, au mjini Bunia, hahitaji bustani: kopo la maziwa ya unga lililotobolewa chini linamtosha. Humo anaotesha vinka. Mnaijua kwa sura. Ua lina petali tano, za waridi au nyeupe, na mara nyingi katikati pana doa la rangi iliyokolea. Majani yanang'aa, mshipa wa kati umepauka, na ukikata kikonyo unatoka utomvu mweupe. Asili yake ni Madagaska, ila siku hizi limeenea kote kwenye joto kwa sababu halina usumbufu: jua kali linalistahimili, na linachanua karibu mwaka mzima.

Kila lilipofika, watu walilijaribu kama dawa. Kule Jamaika walichemsha majani yake wakanywa ili kutibu kisukari. Mwaka 1952 bahasha ya majani hayo ikamfikia daktari Clark Noble wa Kanada, naye akayapeleka kwa ndugu yake Robert, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Swali lilikuwa moja: je, majani haya yanashusha sukari kwenye damu?

Robert akawanywesha panya. Sukari haikushuka. Hapo wengi wangeyatupa majani wakaenda zao. Yeye akajaribu tena, safari hii kwa sindano, na panya wakaanza kufa. Walikufa kwa maambukizi, wakishindwa na vijidudu ambavyo panya mzima huvimudu. Akapima damu akakuta seli nyeupe zimepungua mno, na uboho wa mifupa, huko zinakozaliwa, umedhoofika.

Sasa fikirini. Seli nyeupe ndizo zinazoulinda mwili, lakini iko kansa ya damu ambayo seli hizo huzaliana ovyo bila kikomo. Kitu kinachozipunguza kwa panya mzima kingefanya nini kwa mgonjwa aliyezidiwa nazo? Mimi naona hapa ndipo ulipo ushujaa wa Robert Noble: alikosa jibu alilolitafuta, akageuka kuuliza panya wamekufa kwa nini.

Mkemia Charles Beer akaungana naye mwaka 1954, akafanya kazi ya subira ya kuchuja na kutenganisha kilichomo ndani ya majani hadi kuipata dawa iitwayo vinblastini, wakaitangaza mwaka 1958. Wakati huohuo kampuni ya Eli Lilly ya Indianapolis, Marekani, ilikuwa imelifikia ua lilelile kwa njia yake. Huko panya wenye kansa ya damu waliopewa dawa ya mmea huo waliishi muda mrefu zaidi, na huko ndiko ilikotoka dawa ya pili, vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963.

Inafanyaje kazi? Seli inapotaka kugawanyika, hutengeneza nyuzi nyembamba zinazovuta chembe zake za urithi pande mbili, kama watoto wanaovutana kamba. Vinkristini inazuia nyuzi hizo zisijiunge. Seli inakwama katikati ya kugawanyika, inakufa. Kwa kuwa kansa hugawanyika haraka, ndiyo inayopigwa zaidi. Lakini dawa haichagui vizuri: nywele hunyonyoka, na vidole huweza kufa ganzi.

Dawa hiyo ikaja kuwafaa watoto wa huku kwetu. Mwaka uleule wa 1958 vinblastini ilipotangazwa, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa kansa unaoshika taya za watoto wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona. Mmoja wao, Ted Williams, alikuwa jirani yetu hasa: alitibu wagonjwa Kuluva, karibu na Arua, ng'ambo ya mpaka wa Ituri. Waligundua kwamba uvimbe huo unafuata nchi za joto na mvua, na baadaye ikaonekana kwamba malaria inahusika. Leo tunauita limfoma ya Burkitt, na vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazoutibu. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa za lazima.

Najua mnachowaza: basi tukachume majani! Thubutu. Gramu moja tu ya vinblastini inahitaji mamia ya kilo za majani makavu, na mgonjwa hupimiwa kwa miligramu. Vinkristini yenyewe hupitishwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo inaua. Jani likitafunwa au kuchemshwa nyumbani halina kipimo, ni sumu kwa mtu na kwa mbuzi.

Kwa hiyo vinka ya mama iacheni kwenye kopo lake, muimwagilie. Na mkimwona mwenzenu taya linavimba haraka, meno yanalegea, msiseme ni jino tu: waambieni wazazi wake wampeleke hospitali mapema, kwa sababu kansa hii hukua kwa kasi, na wengi wanaowahi dawa hupona.