Jina la mtoto na mlango wa ajira za misitu

Katika familia zetu mtoto hupewa jina kwa uangalifu mkubwa. Siku ya akika wazee hukaa, hutajwa majina ya Mitume, ya masahaba na ya mababu waliotangulia, hadi lipatikane lile litakalokuwa dua kwa mtoto. Baada ya siku hiyo, jina huachwa mikononi mwa kila mwenye kalamu. Zahanati huandika Ramadhani, shule huandika Ramadhan. Cheti cha kuzaliwa husema Khamis, kitambulisho cha Taifa husema Hamisi. Fatuma wa darasa la kwanza huwa Fatma katika cheti cha kidato cha nne, na jina la babu hukaa mahali pa jina la ukoo. Sisi kwa sisi hatutaabiki, kwa kuwa tunamjua mwenye jina. Mtandao wa maombi ya kazi haumjui.

Tunayasema haya kwa kuwa tunaishi katika mkoa wa misitu. Hapa Tanga ipo Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, lipo shamba la miti la Longuza wilayani Muheza, maarufu kwa mitiki, na lipo shamba la Shume wilayani Lushoto. Zote zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ulioanzishwa mwaka 2010. Halmashauri nazo huajiri maofisa misitu na maofisa nyuki. Wapo vijana wetu waliosomea fani hizi: wengine Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, ambacho kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1937, wengine Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wengine chuo cha ufugaji nyuki Tabora. Kijana aliyekulia pembezoni mwa msitu, akaujua mti kwa gome lake, kisha akasoma, ana haki ya kutumaini kazi hiyo.

Lakini kazi hiyo haiombwi tena kwa bahasha ya kaki. Nafasi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwa njia ya mtandao kupitia portal.ajira.go.tz. Mwombaji hujisajili kwa barua pepe na neno la siri, hujaza namba ya kitambulisho cha Taifa, elimu, mafunzo, uzoefu na wadhamini, hupandisha vyeti vyake, kisha huthibitisha kwamba aliyoyajaza ni ya kweli. Muda wa tangazo ukiisha, hakuna mlinzi wa getini wa kumbembeleza.

Matangazo hayo, kwa kawaida, hutaka mambo ambayo hayapatikani kwa siku moja. Hutaka cheti cha kuzaliwa na vyeti vya taaluma vilivyothibitishwa na mwanasheria au wakili. Hutaka barua ya maombi iliyosainiwa, maelezo binafsi yanayojitosheleza, na wadhamini watatu wa kuaminika wenye simu zinazopatikana. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi mahali pa cheti chenyewe. Umri wa jumla hauzidi miaka 45, ila baadhi ya nafasi huweka ukomo ulio chini zaidi, hivyo tangazo lisomwe hadi mstari wa mwisho. Na mwenye majina yanayotofautiana katika nyaraka zake hutakiwa kwenda kwa mwanasheria kupata hati ya kisheria ya kuyaweka sawa. Kuyafanya haya yote baada ya tangazo kutoka ni kufukuzana na siku chache, wakati mwingine kwa nauli ya kukopa.

Hapo ndipo vijana wengi hukimbilia steshenari. Hatuwalaumu wenye steshenari. Wengi wao wanafanya kazi ya halali, na bila mashine zao kijana wa kijijini asingeskani hata cheti kimoja. Tatizo ni kumkabidhi mtu mwingine kila kitu. Barua pepe hufunguliwa na mwenye duka, neno la siri hulijua yeye, na namba ya simu inayoandikwa ni ya mjomba aliyekwisha kubadili laini. Siku majina ya walioitwa kwenye usaili yanapotoka, kijana yuko shambani na akaunti yake iko kwa mtu. Ipo pia hatari kubwa zaidi: anayejaza kwa haraka huweza kuongeza uzoefu usiokuwepo ili fomu ipendeze. Anayeulizwa siku ya usaili ni kijana, siyo steshenari.

Tukumbuke kuwa kuthibitisha maelezo ya fomu ni kutoa ushahidi. Cheti cha kughushi kinaweza kumfikisha kijana mbele ya sheria, na hata kikipita, mshahara atakaowalisha wanawe utakuwa umejengwa juu ya uongo. Vivyo hivyo kwa yule anayejitokeza na kusema ana mtu ndani, akitaka fedha ili jina lipitishwe. Kuomba kazi kwenye mtandao huo hakulipiwi ada. Mzazi anayeuza mbuzi ili kutoa rushwa hupoteza mbuzi na hupoteza amana, na mara nyingi kazi yenyewe haipatikani.

Sisi viongozi wa misikiti nasi tuna sehemu yetu, kwa kuwa vijana hutuomba tuwe wadhamini. Tukubali tunapowajua, tupokee simu tunapopigiwa, na tuseme tunachokijua tu. Kumsifu kijana kwa sifa asizokuwa nazo hakumsaidii yeye, wala hakumsaidii kijana mwingine aliyestahili nafasi hiyo.

Nalo la mabinti tuliseme wazi. Wapo mabinti waliosomea misitu na ufugaji nyuki ambao nyaraka zao ni kamili, lakini hawaombi kwa sababu nyumbani wameambiwa porini hakuna staha. Hofu ya mzazi tunaielewa. Ni vema basi mzazi aulize kwanza: kituo kiko wapi, makazi yakoje, wenzake ni akina nani. Zipo kazi za vitalu vya miche, za ramani, za elimu kwa vijiji na za ofisini. Tuamue baada ya kujua.

Tunazishauri familia zisingoje tangazo. Jioni moja wiki hii, baada ya Isha, baba, mama na watoto waketi na vyeti vyote vitandazwe mkekani: vya kuzaliwa, vya shule na kitambulisho cha Taifa. Jina lisomwe herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa vilevile. Palipo na tofauti, safari ya kwa mwanasheria ianze mapema. Kijana afungue barua pepe yake mwenyewe na neno la siri alihifadhi mwenyewe, hata kama mashine ni ya jirani. Na kwa wale wanaotarajia mtoto, mkishachagua jina, kubalianeni pia namna ya kuliandika, na baba aende nalo kwenye usajili likiwa limeandikwa kwenye karatasi.