Fahamu: Mfungwa kutengwa peke yake, mwisho ni siku ngapi?

Watu wa Kapsoya wakienda kumwona ndugu yao Gereza la Eldoret, humuuliza kuhusu chakula, blanketi na tarehe ya kesi. Ni nadra kumuuliza kama yuko na wenzake au ametengwa.

Kutengwa, kwa mujibu wa Kanuni za Mandela zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, ni mtu kufungiwa saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na watu wengine. Ikizidi siku 15 mfululizo, ni marufuku. Kabla ya hapo ni hatua ya mwisho kabisa, na mhudumu wa afya amwone kila siku.

Kenya inaijua adhabu hii. Mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa kijitabu “Kenya: Twendapi?”, alikaa peke yake sehemu kubwa ya miaka mitatu. Aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yakawa “Sauti ya Dhiki”.

Wakuu wa magereza husema wapo wafungwa hatari. Ni kweli, wapo. Lakini kumtenganisha mtu na anaoweza kuwadhuru hakuhitaji kumnyima hata wa kuzungumza naye. Huo ni ukatili, na Kifungu cha 25 cha Katiba hakiruhusu ukatili kwa sababu yoyote.

Ukimkuta jamaa yako ametengwa, andika tarehe, kisha mwone wakili au upeleke malalamiko Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.