Simujanja zinavyokaa miaka mingi mkononi

Simujanja haibadilishwi tena haraka kama ilivyokuwa mwanzoni. Duniani kote mauzo yalifika kileleni mwaka 2016 na 2017, karibu simu bilioni 1.5 kwa mwaka. Kufikia 2023 yalikuwa yameshuka hadi kama bilioni 1.2. Aliyehama kutoka simu ya kitochi alifungukiwa na mengi kwa mpigo: picha, WhatsApp, ramani. Anayehama kutoka simujanja ya miaka mitatu hupata kamera nzuri kidogo na kazi zilezile.

Endasak, wilayani Hanang, kando ya barabara ya Babati kwenda Singida, bei ya simu huhesabiwa kwa magunia. Fedha ya mahindi, maharage na mbaazi huingia baada ya mavuno, na simu mpya hungoja ada ya shule, mbegu na bati zipite kwanza. Bajeti ya Tanzania ya 2021/22 iliondoa VAT ya asilimia 18 kwenye simujanja, nafuu kubwa kwa mkulima, lakini kodi hiyo ikarudishwa mwaka uliofuata.

Kwa hiyo simu hupelekwa kwa fundi. Mara nyingi kilichochoka ni betri, kioo au tundu la chaji tu. Betri ya lithiamu ikishachajiwa mara 500 hivi, hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Baadaye simu huzima ghafla huku ikionyesha chaji ipo, au betri huvimba mpaka mfuniko wa nyuma unaachia. Zamani mfuniko ulibanduliwa kwa ukucha na betri ikatoka. Sasa imegandishwa kwa gundi: fundi hupasha kingo joto, hupenyeza kipande chembamba cha plastiki na kukizungusha taratibu, maana akiteleza hukata utepe wa kioo. Gundi hiyo inamwonea mwenye simu, kwa kuwa kazi ya dakika moja imegeuzwa gharama. Umoja wa Ulaya umeagiza kwamba kuanzia Februari 2027 betri ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe.

Fundi hushindwa pale programu inapogoma. Tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Google mwaka 2023 na Samsung mwaka 2024 ziliahidi miaka saba ya maboresho, ila kwa simu zao za bei kubwa. Simu iliyofikia hapo bado hupiga, hupokea na kutuma pesa, na mara nyingi huhamia kwa bibi au babu nyumbani.