Kaktasi yenye mabaka: kipande kisicho na mizizi huotaje?
Kaktasi aina ya Cereus, mmea wenye asili ya Amerika Kusini unaosimama wima kama nguzo, huthaminiwa zaidi shina lake la kijani linapokuwa na mabaka ya manjano. Mabaka hayo ni sehemu zilizopungukiwa na klorofili. Kwa kuwa mbegu hazirithishi mabaka hayo kwa uhakika, mmea huu huzalishwa kwa kukata kipande cha shina.

Kipande hicho hakina mizizi, lakini kimehifadhi maji mengi. Adui yake mkubwa si kiu, bali ni kuoza. Hukatwa kwa kisu safi na kuachwa kivulini, penye hewa, kwa wiki 2 au zaidi hadi jeraha likauke kabisa. Ndipo husimikwa katika changarawe iliyochanganywa na mchanga mkavu, na kumwagiliwa kidogo mizizi inapoanza kutoka.

Uchaguzi wa kipande nao ni muhimu. Sehemu ya kijani ndiyo inayotengeneza chakula. Kipande cha manjano matupu hakiwezi kujitegemea, isipokuwa kiunganishwe juu ya shina la kaktasi ya kijani. Kipande cha kijani kitupu, kwa upande wake, hustawi vizuri, lakini mabaka huenda yasionekane tena.