Wakili Kabla ya Arbuni

Katika miji yetu ya pwani, na khasa Mombasa, imekuwa ada kwa mtu aliyejaaliwa akiba ya kununua kiwanja kwenda kwanza kwa dalali, kisha kwa mwenye kiwanja, kisha benki kutoa fedha, na mwisho kabisa, bei imekwisha katwa na arbuni imekwisha lipwa, kumwendea wakili ili amwandikie karatasi na kuigonga muhuri. Mpango huu umegeuzwa kichwa chini, nao umewatia hasarani watu wengi wasiokuwa na kosa ila haraka.

Ni kweli kwamba sheria ya Kenya yataka mkataba wa kuuza ardhi uandikwe, utiwe saini na pande zote mbili na ushuhudiwe, wala ahadi ya mdomo, hata ikitolewa mbele ya wazee wa mtaa, haimfai mnunuzi mahakamani. Lakini kuandika ndiyo sehemu nyepesi ya kazi ya wakili. Sehemu nzito ni kuuliza. Kwenye masjala ya ardhi hufanya upekuzi, ambao wengi huuita sachi, akatazama jina lililosajiliwa, na kama pana rehani ya benki, zuio la mdai au amri ya mahakama. Huuliza kama muuzaji ana mke au mume, kwa kuwa nyumba ya ndoa haiuzwi pasipo idhini ya mwenziwe; na kama mwenye jina amekwisha fariki, hutaka hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama, maana mrithi mmoja hana mamlaka ya kuuza peke yake mali ya warithi wote.

Huku kwetu pwani maswali huzidi. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wapeleke madai yao kwa serikali, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Hadi leo ziko Mombasa nyumba nyingi za wale tuwaitao wenye nyumba bila ardhi: mtu anunua kuta na paa, ilhali ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, naye humlipa kodi. Iko pia ardhi ya wakfu, ambayo asili yake ni kutouzwa. Mgeni aliyevutiwa na baraza pana na milango ya nakshi hawezi kuyajua hayo kwa kuyatazama kwa macho.

Wala hati miliki yenyewe si mwisho wa maneno. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikata shauri la kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, juu ya kiwanja cha ufuoni Nyali, ambacho serikali ya kaunti ilikivunjia ukuta ili kufungua njia ya kwenda baharini. Kampuni ilikuwa na hati, nayo ilinunua kwa fedha. Lakini mahakama iliona kwamba ugawaji wa kwanza wa mwaka 1989, aliopewa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, haukufuata taratibu za sheria, na kwa hiyo aliyenunua baadaye hakupata kinga. Tangu hukumu hiyo, wakili asiyeifuata hati mpaka kwenye chimbuko lake hajamtumikia mteja wake inavyostahiki.

Kila upande na uwe na wakili wake, kwani maslahi ya muuzaji na ya mnunuzi hayalingani. Kwa desturi mnunuzi hutoa arbuni ya asilimia 10, ikakaa kwa wakili wa muuzaji kama amana, na mauzo hukamilishwa katika siku 90. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 shamba. Muuzaji hulipa kodi ya faida, asilimia 15. Ardhi ya kilimo huhitaji pia idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, nayo huombwa ndani ya miezi sita, ama mauzo hubatilika.

Nawe msomaji, kabla hujampa mtu nakala ya hati yako, hakikisha kwamba ni wakili kweli: cheti cha uwakili hutolewa upya kila mwaka, na Chama cha Mawakili cha Kenya humjulisha yeyote aulizaye kama fulani anacho.