"Mambo?": Meseji Moja na Kazi Iliyo Nyuma Yake

Ukipata meseji ya "Mambo?" kwa simu, unajibu bila kufikiria sana. Sasa fikiria imetoka kliniki.

Kuanzia 2007, watafiti walijaribu jambo hili katika kliniki 3 za hapa Kenya, kwa watu 538 waliokuwa wakianza dawa za ARV. Karibu nusu yao walitumiwa "Mambo?" kila wiki. Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Ukisema "Shida", au ukinyamaza, mhudumu wa kliniki anakupigia. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka wa 2010: waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliotumiwa meseji, na asilimia 50 kwa wasiotumiwa.

Angalia hilo neno. Halitaji ugonjwa, kwa hivyo hata mtu mwingine akishika simu yako, siri inabaki siri. Linajulia hali, halihubiri. Kujua neno gani litamfikia nani ni kazi ya kusomewa, na inaitwa mawasiliano ya afya.

Unasoma nini?

Misingi ya afya ya umma, jinsi watu wanavyofanya maamuzi, utafiti, uandishi, redio na mitandao. Pia unajifunza kujaribu ujumbe kwa watu wachache kabla ya kuutuma kwa maelfu, na kukabiliana na uvumi bila kumdharau anayeuamini.

Kazi ziko wapi?

Kampeni za chanjo, mashirika ya afya, ofisi za mawasiliano za hospitali, kampuni za bima, vyumba vya habari, na kampuni zinazounda huduma za afya kwa simu. Ukijua Kiswahili pamoja na lugha ya nyumbani, hiyo ni mali. Lakini tuambiane ukweli: digrii ya mawasiliano haikufanyi kuwa afisa wa afya ya umma. Hiyo ina mafunzo na usajili wake.

Kabla hujalipa karo

- Si kila chuo kina digrii yenye jina hili. Kwingine ni somo ndani ya mawasiliano au afya ya umma, au unalisomea kwenye uzamili. Uliza kwanza.
- Hakikisha kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.
- Kujiunga na digrii kwa kawaida unahitaji C+ katika KCSE. Kama karo ni mzigo, ulizia mkopo wa HELB mapema.
- Chukua namba ya paybill kutoka kwa barua au tovuti rasmi ya chuo, si kwa meseji uliyoforwadiwa. Kwenye akaunti, weka namba ambayo chuo kimekuelekeza.
- Soma jina linalotokea kwenye simu kabla malipo hayajakamilika. Kama si lile ambalo chuo kimekuelekeza, simamisha hapo hapo.
- Hifadhi meseji ya malipo hadi chuo kikupe risiti.

Na mtu akikuambia tuma pesa kwa namba yake "akushikie nafasi," usitume. Matapeli pia wanajua kuchagua maneno. Ndiyo maana tunahitaji vijana watakaosomea kuyachagua kwa nia njema, ili mgonjwa akiulizwa "Mambo?" aweze kusema "Shida" na asaidiwe.