Je, Wajua? Mafuta ya Tumboni Huinua Kovu la Usoni

Je, wajua kwamba kovu lililobonyea huweza kuinuliwa kwa mafuta ya mgonjwa mwenyewe? Wala si ugunduzi wa juzi. Mwaka 1893 daktari Mjerumani, Gustav Neuber, alitoa vipande vya mafuta mkononi mwa mgonjwa akavipandikiza chini ya kovu lililodidimia usoni. Akabaini jambo ambalo hadi leo ni msingi wa kazi hii: vipande vidogo, vya ukubwa wa harage au lozi, hushika, vikubwa hufa.

Kwa nini? Mafuta ya mwilini ni seli hai. Zikihamishwa hukatikiwa na damu, na siku za mwanzo huponea majimaji yanayopenya kutoka kwenye nyama jirani, hadi mishipa mipya iote. Seli zilizo katikati ya donge kubwa hazifikiwi.

Ndiyo maana katika miaka ya 1990 Sydney Coleman wa New York alisisitiza subira. Mafuta hufyonzwa tumboni au pajani kwa mrija mwembamba wenye ncha butu, kisha huzungushwa katika mashine hadi yajitenge: mafuta yaliyoyeyuka juu, damu chini, seli nzima katikati. Hizo za katikati ndizo hutumika. Ikiwa kovu limeshikamana na nyama ya ndani, nyuzi zake hukatwa kwanza kwa sindano, la sivyo zitaendelea kuivuta ngozi hata ukijaza kiasi gani. Hapo daktari huingiza mafuta kidogo kidogo, huku akiurudisha mrija nyuma.

Mwaka 2001 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa ndani ya mafuta hayo mna seli shina. Wengi wanaamini ndizo huilainisha ngozi ya kovu baadaye.

Sehemu ya mafuta hunyonywa na mwili katika miezi ya kwanza, hivyo wengine hurudia tiba. Yanayobaki hayasahau asili yake: mgonjwa akinenepa, nayo hunenepa!

Lakini tone likiingia kwenye mshipa wa damu karibu na pua au jicho, linaweza kumpofusha mtu. Ndugu msomaji, usikubali kudungwa saluni. Mtafute daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, na kama ngozi yako huota makovu yanayovimba, mwambie kabla hajashika sindano.